Sheria Iliyokatwa Mkia

Sikio lako nipe mimi, na mikono yako uiweke mapajani ambako nitaiona, kwa maana habari hii ni ya mikono.

Alikuwako Sultani Mundhiri bin Sharifu, mfalme wa mji wa Sarahangi, mji wenye misikiti arubaini na ngome ya milango saba, na soko la hariri na zafarani, na alikuwa mtu mwema kama walivyo wema watu wengi walioshiba, yaani hakumdhuru mtu kwa kusudi, ila alikuwa mvivu wa kusikiliza. Na mwenye nguvu akiwa mvivu wa kusikiliza, anayemnong'oneza ndiye anayetawala.

Na katika hazina ya Sultani huyo palikuwa na muhuri wa fedha, mkubwa kama yai la bata, na ndani yake amefungwa jini aitwaye Dahmushi. Aliyemfunga ni babu yake Sultani, kwa kiapo kizito, kwamba kila sheria itakayopigwa muhuri ule aitimize kabla nta haijakauka. Kwa hiyo Sarahangi haikuwa na mnyongaji wala mkata mikono, na wala haikuhitaji, kwa sababu sheria ikipigwa muhuri imekwisha kufanyika.

Lakini jini hana jana wala kesho. Siku zote kwake zimo katika chungu kimoja kama punje za mchele, na ukimwambia chagua mawe, atachagua mawe yote, ya leo na ya mwaka wa tembo. Babu yake Sultani aliyajua hayo kwa shida. Mwaka wa kwanza wa muhuri alipiga sheria kwamba atiaye maji katika maziwa apotewe na ladha ya ulimi, na kabla nta haijakauka nusu ya wanawake wa mji walikuwa hawaonji tena kitu, kwa maziwa waliyoyatia maji walipokuwa wasichana. Ndipo makarani walipoogopa, na tangu siku ile wakaitilia kila sheria mkia, wakaandika mwisho wake: tangu leo na kuendelea mbele. Wakafa makarani wale, wakaja wengine wakauandika mkia kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia salamu bila kuinua kichwa, na miaka sabini ilipopita hakubaki hata mmoja aliyejua mkia ule unazuia nini.

Basi katika mji huo alikuwako mwanamke mjane, jina lake Mwatime binti Kheri, wa ukoo wa Kisimani. Kazi yake ilikuwa kuchemsha nta ya nyuki na kuichuja kwa kitambaa kikuukuu, na kila Alhamisi wakati wa alasiri huipeleka ngomeni, katika chumba cha muhuri, kwa matumizi ya Ijumaa. Bibi yake ndiye aliyekuwa akifanya kazi hiyo kabla yake, na bibi huyo alitia chumvi katika chai mpaka akafa, na watu wakidhani ni uzee.

Na Mwatime alikuwa na mtoto mmoja tu, Vuai, kijana wa miaka ishirini na miwili, mshona kofia. Kofia zake zilitobolewa matundu madogo hata ukivaa moja unaona kichwa kinapumua, na kwa ajili ya mkono ule Bwana Shamte, mfanyabiashara wa mikeka, alikuwa amekubali kumwoza binti yake Saumu. Alisema waziwazi kwamba sura ya kijana haimpendezi, lakini mkono wa mshona kofia haulali njaa.

Sasa nikwambie jambo la utani, maana ndilo lililotia moto. Ukoo wa Kisimani na ukoo wa Jiweni walikuwa watani tangu mababu. Akifa mtu wa Jiweni, watu wa Kisimani huja msibani wakamkejeli maiti, wakaigiza mwendo wake, wakalala ndani ya kaburi wakakataa kutoka mpaka wapewe kitu, na mmoja wao hutwaa chombo cha marehemu akenda nacho kwake. Wafiwa humfuata siku ya pili na kuku, wakakomboa chombo chao, na huko hucheka, na kicheko hicho ndicho kinachowatoa katika kilio. Akifa mtu wa Kisimani, watu wa Jiweni hufanya vivyo hivyo. Hapana aliyekasirika kwa hayo, na aliyekasirika alihesabiwa hana wazazi.

Na Waziri Ghalibu, aliyekuwa akimnong'oneza Sultani, alikuwa mtu wa Jiweni. Lakini alipopanda cheo alijinunulia nasaba kwa mwandishi mmoja, nasaba ndefu yenye wino wa dhahabu, ikisema babu zake walivuka bahari na jahazi la marashi, na tangu hapo hakusema tena na jamaa zake ila kwa kuwatumia mtumishi. Mama yake hakuvuka bahari yoyote. Mama yake alikaa Jiweni na kijaluba chake, kikasha cha tambuu, na Vuai akipita humwita amtukane kidogo apate kucheka, na siku moja akamwambia, "Mjukuu wangu mtani, nikifa njoo unichekeshe. Usiniache nizikwe kimya kama mgeni aliyekufa njiani."

Akafa. Na Vuai akaja, akavaa mtandio wa marehemu, akaigiza kikohozi chake mbele ya maulamaa na mabalozi waliokuwa wamekaa kwa adabu, kisha akatwaa kile kijaluba cha fedha akatoka nacho mchana kweupe, akenda nyumbani akamngoja kuku.

Hakuja kuku, walikuja askari.

Mbele ya kadhi Vuai alieleza kwamba ni utani. Kadhi akamwuliza Waziri, na Waziri akashika msahafu akaapa kwamba yeye si mtu wa Jiweni, wala hajui utani ni mnyama gani. Wakaitwa wazee wa Jiweni kushuhudia, na wazee wote siku hiyo waliumwa na miguu. Basi kadhi akafungua kitabu, akahukumu kwa sheria iliyokuwamo, sheria ya kitabu tu isiyopigwa muhuri, kwamba mwizi wa kitu cha msibani avunje mawe miaka mitatu, na Vuai akafungwa mnyororo akapelekwa machimboni. Mwatime alisimama mlangoni pa mahakama bila kulia. Machozi hayavunji mawe, na yeye alikuwa akihesabu kichwani mwanawe atakuwa na umri gani akitoka.

Lakini Waziri hakuridhika. Kila alipopita sokoni aliona watu wakikohoa, na kila kikohozi alidhani ni cha mama yake. Akaona kwamba utani ukibaki hai, nasaba yake ya wino wa dhahabu ni karatasi ya kufungia bizari. Mwezi wa nne wa kifungo cha Vuai akamwendea Sultani na sheria mpya mkononi, akasema kwa ulimi wa asali, "Ee Maulana, kivuli cha Mola katika ardhi, misiba ya watu wako imekuwa soko la wezi, na kifungo cha mawe kimekuwa kama karamu kwao. Naomba iwe sheria, kwamba yeyote atwaaye kitu katika nyumba ya msiba, kikubwa au kidogo, kwa sababu yoyote iwayo, mkono wake wa kulia ukatike." Na ule mkia wa mwisho akauacha, kwa sababu alimtaka Vuai aliyekwisha kutwaa, wala si mtu atakayetwaa kesho, na hakujua kwamba jini huchagua mawe yote. Karani aliponyoosha kalamu kuuandika, Waziri alimshika kiganja akamwambia hayo ni mapambo ya kizamani.

Na ada ya Sarahangi ni kwamba sheria husomwa uwanjani Ijumaa nne, na mwenye neno hupanda juu ya jiwe la uwanja akasema jina lake na neno lake, na Ijumaa ya nne ikimalizika kusomwa hupigwa muhuri.

Ijumaa ya kwanza ikasomwa. Alipanda jiweni mtu mmoja tu, muuza kahawa, akasema sheria hii ni kali mno kwa jambo la mzaha. Jumamosi akakamatwa kwa kumwaga machicha ya kahawa njiani, Jumatatu akahukumiwa miezi sita. Baada ya hapo jiwe lile likabaki tupu, wakalikalia kunguru.

Mwatime alikwenda machimboni na ndizi za kuchoma na mkate. Akamkuta mwanawe amekaa katika vumbi, anakunja vidole na kuvikunjua, kimoja kimoja. Habari ilikuwa imekwisha kumfikia. Vuai akamwuliza, "Mama, ni kweli mkono wa kulia?"

"Kula kwanza."

"Ungekuwa wa kushoto ningejifunza. Wa kulia ndio unaoishika sindano." Akaumega mkate, akacheka kidogo. "Mwambie Bwana Shamte kofia yake imebaki ukingo. Afanye haraka kuniletea uzi."

Naye Bwana Shamte hakuhitaji kuambiwa. Alikuja mwenyewe kwa Mwatime, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kuzoea, akasema, "Bi Mwatime, mimi neno langu sijalivunja. Ila tungoje Ijumaa ya nne."

"Unamwoza binti yako kwa mtu au kwa kiganja, Bwana Shamte?"

"Kwa mtu mwenye viganja viwili," akajibu, akaaga.

Alhamisi ikafika. Mwatime akachukua nta yake akaingia chumba cha muhuri, na makarani walikuwa wamekwenda kusali. Akaweka kipande cha nta juu ya sahani, akautazama muhuri ule juu ya mto wake wa mahameli, na uchungu ukamjaa akausemesha kama mtu anavyosemesha mbuzi mharibifu, "Na wewe dude la fedha, mkono wa mwanangu umekukosea nini?"

Na sauti ikamjibu kutoka ndani, nyembamba kama nyigu katika chupa. "Haujanikosea kitu. Ijumaa ya nne nitaukata, nta ikiwa mbichi."

Mwatime akashika ukuta. Kisha akasema maneno mengi, maana hakuumbwa na woga mwingi, na sauti haikujibu hata moja. Ndipo akakumbuka bibi yake mwenye chai ya chumvi alikuwa akisema kwamba mtumwa wa muhuri hasemi mpaka aulizwe, na kila nta ina swali moja, na yeye Mwatime akidhani ni porojo za kizee. Basi swali la nta hii limekwisha. Akatazama dirishani akaona makarani wanarudi, akaufunika muhuri akatoka.

Ijumaa ya pili ikasomwa, na Alhamisi iliyofuata akarudi. Safari hii alileta na udi, kwa kuwa aliona aliyefungwa miaka sabini katika harufu ya nta atapenda kunusa kitu kingine. Udi huo alikuwa ameuweka katika kasha lake pamoja na sanda na marashi, uwe wa maziko yake, kama wanavyoweka wanawake wenye akili wasiotaka kuzikwa kwa mchango. Akakata nusu akaifukiza. Kisha akaweka nta akauliza, "Njia gani ipo, mkono wa mwanangu usikatwe?"

Sauti ikavuta pumzi ndefu ya moshi. "Sheria isipigwe muhuri."

Basi, ni hayo tu. Mwatime alitaka kuutupa muhuri ule chooni. Swali la pili limekwenda kama maji ya kuoshea mikono, na limebaki moja, na siku zimebaki nane. Ijumaa ya tatu ikasomwa, na zile siku saba hakulala usingizi wa kutosha kuota. Alikuwa akikoroga nta anajisemesha, akilipanga swali na kulipangua, na nta ikaungua mara mbili, jambo ambalo halikupata kutokea katika nyumba ile tangu ijengwe. Aliwaona majirani wakipita mlangoni kwa haraka wasimsalimu. Hawakumchukia, walikuwa wakimwona tayari ni mama wa kilema, na kilema huogopwa kama ukoma.

Alhamisi ya tatu akaingia na nta na udi uliobaki, isipokuwa kipande kama ukucha. Akafukiza, akaweka nta, akauliza swali alilolichagua, "Sheria hii itakata mikono ya nani?"

"Nianze na aliye karibu nami," ikasema sauti. "Mwatime binti Kheri, upawa wa mti, msiba wa Jiweni, ulipokuwa na miaka tisa."

Na kweli, aliutwaa upawa ule kwa utani, na ulikombolewa kwa kuku, na alikuwa amekwisha kusahau. Sauti ikaendelea, jina baada ya jina, na kila jina na chombo chake na msiba wake, kinu, kibao cha mbuzi, mswaki, kiatu kimoja, wakunga na walimu wa chuo na waadhini, wazee wote wa Jiweni walioumwa na miguu, na Bwana Shamte aliyeiba mkeka, na mkeka huo haukukombolewa. Mwatime alisikiliza, mkono wake wa kulia ukiwa kwapani. Na katikati ya majina yale akasikia moja lililomfanya ainue kichwa. Makarani waliporudi sauti ilikuwa bado haijafika robo.

Sasa alijua, na kujua kulimtia hofu kubwa kuliko kutojua. Akisema nani atamsadiki? Akipanda jiweni atakamatwa kabla hajafika neno la tatu, na muhuri utapigwa yeye akiwa mahabusi, na mikono itaanguka Sarahangi nzima kama maembe ya upepo. Muhuri ungepaswa kusema wenyewe, na auulize anayeushika. Akakaa jikoni kwake akamimina nta katika kifuu, akatoa vipande vitatu badala ya kimoja, jambo ambalo Alhamisi zote tatu halikumjia, akavifunga katika upindo wa kanga.

Ijumaa ya nne baraza likajaa. Sultani amekaa juu ya zulia, muhuri mkononi, kadhi kulia, Waziri kushoto, na watu uwanjani wamesimama bega kwa bega, na chini ya jiwe lile wafungwa wa machimboni wameletwa na minyororo waone, na Vuai yumo, amefungwa kitambaa cheupe juu ya kiwiko, tayari. Mtu mmoja mwema alikuwa amemfungia ili damu isitoke nyingi. Karani akasoma. Akamaliza. Akauliza nani mwenye neno, na kunguru wakalia.

Mwatime akaitwa na chungu chake kuiyeyusha nta, maana ndiyo kazi yake siku ya muhuri. Akapiga magoti, akatia kipande cha kwanza, na kilipoanza kuyeyuka akainama mpaka paji la uso likagusa zulia.

"Ee Maulana, Mungu akuongezee umri. Mimi si mwenye neno, mimi ni mchemsha nta. Nta hii nikiichanganya na mafuta ya ufuta huwa marhamu ya kuzibia vidonda, na mkono uliokatika usipozibwa, mwenyewe huufuata. Mikono itaanguka sasa hivi na marhamu sijapika. Nataka tu kujua nichemshe chungu kimoja au pipa. Anayejua hesabu ni huyo uliyemshika, na yeye hajibu mpaka aulizwe. Muulize, Maulana, ni mingapi."

Waziri akacheka, akasema mama huyu ametiwa wazimu na uchungu wa mwanawe, na wakati unapita. Na laiti asingecheka. Sultani alikuwa mvivu wa kusikiliza shauri, lakini jambo la kuchekesha hakulipita, na aliposikia kuna kicheko akauinua muhuri mbele ya uso wake akasema, "Haya, ewe uliyemo, mikono mingapi?"

Na kwa kuwa aliyeuliza ndiye mwenye muhuri, sauti ikatoka kubwa, ikasikika mpaka milango saba.

"Elfu tatu na mia saba na kumi na minne, ee Maulana, na wa kwanza ni huu ulionishika."

Nta ikachemka peke yake. Kisha kikasikika kitu kama upepo katika majani makavu, na hakikuwa upepo, walikuwa ni watu elfu tatu na zaidi wakiingiza mikono yao ya kulia ndani ya mikono ya kanzu.

Mwatime mwenyewe alipigwa na bumbuazi, maana jina la Sultani hakulisikia siku ile ya Alhamisi. Akaona kwamba amefungua mlango asioujua una nini nyuma yake, na mwanawe yuko kwenye kizingiti. Lakini mikono yake ilijua kazi. Akatia kipande cha pili katika chungu akasema polepole, "Nta nyingine hii, Maulana. Nta moja, swali moja."

Uso wa Sultani ulikuwa kama chokaa. Akauliza, na sauti yake haikufika mbali, "Nilitwaa nini?"

"Mimi. Baba yako hajaoshwa, na ndugu yako mkubwa yuko mlangoni analia, ukanitoa chini ya mto."

Hapo ndipo Mwatime alipokumbuka kwamba wanaosikia siri za wafalme hawazeeki, na kwamba ameisikia yeye na mji mzima, na mji mzima haukatwi kichwa lakini mchemsha nta hukatwa. Akatia kipande cha tatu. Nta ikaruka ikamchoma. Akasema, "Hii ndiyo ya mwisho."

Na Sultani akageuza macho. Mtu aliyeonwa akiwa uchi hutafuta mwingine wa kuvuliwa nguo, na haendi mbali. Akamtazama aliyekaa kushotoni pake akauliza, "Na huyu aliyeniandikia?"

"Ghalibu, mwana wa Kombo muuza chokaa, wa ukoo wa Jiweni. Dele la kahawa la shaba, msiba wa Kheri wa Kisimani, miaka thelathini na mmoja iliyopita. Alilitwaa kwa utani, likakombolewa kwa kuku mwekundu."

"Kheri ni baba yangu," akasema Mwatime. "Na kuku yule alimla hata shingo. Mimi ndiye niliyempelekea."

Mtu mmoja huko nyuma akakohoa. Akakohoa wa pili. Kisha uwanja wote ukakohoa, kikohozi cha bibi wa kijaluba, na baadaye ukacheka, na ndani ya kicheko kile Waziri Ghalibu alijikunja akawa mdogo kama chupi ya mtoto kwenye kamba.

Sultani alikuwa mvivu, hakuwa mjinga. Akaichukua sheria akaipasua vipande vinne, akavitupa katika nta. Kisha akamwuliza kadhi kuhusu kijana wa kofia, na kadhi, ambaye miezi minne nyuma hakuona kitu, akafungua kitabu kilekile akaona mara moja kwamba utani ni ada, na ada si wizi, na kiapo cha uongo juu ya msahafu ni dhambi kubwa. Vitabu vya makadhi vina kurasa za hali zote za hewa. Mnyororo wa Vuai ukafunguliwa, na muuza kahawa naye akatolewa.

Likabaki la Waziri. Sultani akasema, "Ewe mwanamke, hukumu yake ninakupa wewe. Ukitaka mkono, ni wako."

Watu wakasogea kutazama. Mwatime akamtazama Ghalibu, akamwona jinsi anavyoificha mikono.

"Mkono wake usikatwe, Maulana," akasema. "Nina kazi nao. Leo amlete kuku akomboe kijaluba cha mama yake. Na kuanzia leo, kila anapokufa mtu wa Kisimani, maskini au tajiri, aje achimbe kaburi kwa mikono hiyo miwili, na sisi tumtukane, naye atutukane, mpaka ajifunze. Tena Maulana, ule mkia mlioukata urudi katika kila sheria, usomwe kabla ya sheria yenyewe."

Ikawa hivyo. Sultani akampa Mwatime mizinga arubaini ya nyuki iliyojaa, na shamba la kuiwekea, na hakumkata kichwa, kwa kuwa kila akimtazama alikumbuka kwamba bado kuna nta. Akamwita ndugu yake mkubwa kutoka uhamishoni akampa nusu ya mji. Watu walisema ni kwa mapenzi. Haya.

Bwana Shamte alikuja siku ya pili, akaomba kuuona mkono wa Vuai, akahesabu vidole, akaridhika, na Mwatime akamwambia asisahau kumrudishia mwenyewe mkeka. Saumu akaolewa kwa harusi ya siku saba, na kile kipande cha udi kama ukucha kikafukizwa chumbani mwao, na ndio ukawa mwisho wa udi wa Mwatime.

Lakini nisikudanganye kama wanavyodanganya wengine. Mkono ulirudi, sindano haikurudi. Miezi minne ya nyundo ilikuwa imevifanya vidole vizito, na Vuai alijaribu mwaka mzima, kofia ikitoka kama kawa la kufunikia wali. Akaiacha, akajifunza nyuki. Ile kofia ya mkwewe haikupata ukingo, na Bwana Shamte aliivaa hivyo hivyo mpaka akafa.

Na Mwatime alipokufa, mzee sana, akaja Ghalibu kuchimba kaburi, naye mzee, mgongo umepinda. Alikwisha kuchimba makaburi sitini na matatu na alikuwa fundi. Akamaliza, akalala humo kaburini, akaigiza jinsi marehemu alivyokuwa akipiga magoti na chungu na kujifanya mjinga mbele ya Sultani, akaapa hatoki mpaka aone kuku. Watu wakacheka wakiwa na machozi. Vuai akamletea kuku mwekundu, akamnyooshea mkono wa kulia, akamvuta akamtoa. Na maiti alizikwa bila udi, ananuka nta, na hapana aliyelalamika.

Jini yumo mpaka leo. Na wewe ukisomewa sheria uwanjani ukanyamaza kwa kuwa mkono unaotajwa si wako, kauulize muhuri kwanza. Haya, sasa waweza kuichukua mikono yako, ukaoshe vyombo.